Deni la Njia ya Mlimani

Hotuba ya mwalimu mstaafu, jirani wa Hekalu, katika hafla ya maadhimisho





 Mimi si Mhindu. Ni Mkinga wa Makete, mtoto wa Walutheri, na mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Kengele ya Hekalu hili nimeisikia asubuhi kwa miaka mingi kama jirani, na nimekula vitamu vya Diwali kutoka nyumba zenu kila mwaka. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama mtu wa mtaani kwenu.

Mwenyekiti aliponialika alinipa na mada. Baadhi yenu mmerudi hivi karibuni kutoka Kedarnath, katika milima ya Himalaya, na mkatuonyesha picha za safari hiyo. Nilipomaliza kuzitazama nilisema, pengine kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba njia ile naijua. Watu walicheka, kwa kuwa sijawahi kufika India. Mwenyekiti hakucheka. Aliniambia, “Mwalimu, sisi tumekwenda mbali sana kuiona milima. Siku ya sherehe utueleze ya hapa karibu.” Hilo ndilo nitakalojaribu kulifanya.

Nianze na milima yenu. Nimeelezwa kuwa neno Himalaya maana yake ni makao ya theluji. Hekalu la Kedarnath limejengwa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 3,580, karibu na chimbuko la mto Mandakini, katika jimbo la Uttarakhand. Magari huishia chini, na kutoka Gaurikund msafiri hupanda njia ya kilomita zipatazo 16 kwa miguu, au juu ya nyumbu, au akibebwa na watu kwa kiti cha miti au kwa tenga la mgongoni. Hekalu hufunguliwa mwezi wa Aprili au Mei na kufungwa Oktoba au Novemba. Theluji ikikaribia, ibada huteremshwa kwa maandamano hadi Ukhimath, na mlima huachwa kwa baridi yake. Na mnakumbuka kwamba Juni 2013 mafuriko yalishuka katika bonde lile yakaua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa mahujaji.

Picha iliyonigusa ni moja: mama mzee wa jumuiya yetu akiwa ndani ya tenga, mgongoni mwa kijana asiyemjua, kwenye ngazi za mawe zilizolowa. Hapo ndipo niliposema kuwa njia ile naijua.

Sasa nigeukie upande wetu. Mtu akitoka hapa Makambako husafiri kilomita 60 hivi kufika mji wa Njombe, ambao uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Njombe huelekea magharibi, na hapo nchi huanza kujikunja. Kigongo hufuatwa na bonde, bonde hufuatwa na kigongo kingine kirefu zaidi, mpaka afike Makete. Juu zaidi ni uwanda wa Kitulo, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na karibu nao mlima Mtorwi unakaribia mita 3,000. Upande wa pili nchi huanguka ghafla hadi Ziwa Nyasa, ambalo maji yake yako chini ya mita 500. Wazungu waliiita Milima ya Livingstone. Sisi tuliozaliwa humo tuliiita nyumbani.

Mwezi Juni na Julai majani huamka meupe kwa barafu nyembamba ya alfajiri. Mtoto huenda shule akiwa ameshika kiazi cha moto ndani ya mfuko, kwanza kimpashe mikono, kisha kiwe chakula chake. Mvua zikianza Novemba hudumu hadi Mei. Wakati huo Kitulo huchanua maua, okidi za aina nyingi na maua mengine yasiyo na hesabu, na wenyeji wakapaita Bustani ya Mungu. Serikali ilipatangaza kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kwa sababu ya mimea yake. Nimesikia kwenu kwamba Uttarakhand nayo huitwa ardhi ya miungu. Yaelekea mwanadamu akipanda juu kiasi cha kutosha, iwe India au Makete, fikira zake huelekea upande mmoja.

Lakini miezi ileile ya maua ndiyo miezi ya mateso ya njia. Udongo huteleza, madaraja ya magogo huchukuliwa na mito, ukungu hushuka saa nane mchana na kuufunga uwanda mzima. Kijiji unachokiona kwa macho ng'ambo ya bonde, moshi wake ukipanda na majogoo wake wakisikika, chaweza kuwa mwendo wa nusu siku. Ndiyo sababu wazee wetu hawakupima umbali kwa urefu. Walisema, “Utalala kwa fulani.” Njia ilihesabiwa kwa milango.

Waandishi wengi huiita nchi ya namna hii “mbali”. Mbali na nani? Mwaka 2005 wataalamu waliutangazia ulimwengu aina mpya ya tumbili, kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na ya milima yetu. Habari hiyo ilienea duniani. Hata hivyo wawindaji wa upande wa Rungwe walikwisha kuwa na jina lake, na jina hilo ndilo wataalamu walilolichukua. Kwa mtu wa mlimani, kilicho mbali ni Dar es Salaam.

Wala msidhani kwamba watu wa milimani walikaa tu wakitazama mawingu. Wakinga walikuwa wahunzi. Walifua majembe ya chuma na kuyapeleka kwa Wanyakyusa na kwa majirani wengine, wakarudi na chakula na mifugo. Kule chini ziwani wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu, kama wafanyavyo hadi leo, na vyungu vile vilisafirishwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Kulikuwa na vijia vya kushuka na jembe na kupanda na chungu pamoja na samaki wakavu. Chungu ni mzigo wenye adabu. Hakikuruhusu mtu kukimbia wala kugombana njiani.

Baadaye ukaja wakati wa kodi na wa kutafuta fedha. Vijana wa milimani waliteremka kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya na kwenye mashamba ya chai. Wengine walijifunza biashara, na leo hamhitaji kuelezwa na mimi ni nani wenye maduka Makambako na hata Kariakoo. Mara nyingi Wakinga na Wahindi tumetaniana kuwa tunafanana: wote tunaamka mapema, wote tunahesabu mara mbili. Nami naongeza jambo moja. Maneno “duka” na “gari” yaliingia katika Kiswahili kutoka lugha za India. Katika kijiji nilichofundisha tulikuwa na maneno hayo yote mawili, lakini vitu vyenyewe hatukuwa navyo.

Hapa nitaomba niwasimulie jambo moja lililonipata mwenyewe, maana ndilo lililonileta mbele yenu.

Nilikuwa miongoni mwa walimu vijana waliopelekwa vijijini baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977. Nilipangiwa shule iliyokaa ukingoni mwa milima, mahali ambapo ukisimama uwanjani siku isiyo na ukungu unaliona ziwa chini yako kama sahani. Hiyo ilikuwa miaka migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na nchi ilikuwa imebaki na madeni na upungufu. Mafuta yalikuwa adimu, vipuri vya malori vilikuwa adimu, na sabuni, sukari na chumvi vilipatikana kwa mgawo.

Machi 1981, katikati ya mvua, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi, ukapita siku nzima. Mkunga wa kijiji alisema ukweli mapema, na hilo namshukuru hadi leo: alisema, “Huyu si wa mikono yangu.” Tulikata mianzi miwili mirefu, tukafunga mablanketi, tukapata machela. Tulikuwa wanaume wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika kwa kutembea. Kufika barabara ya malori kulihitaji kupanda vigongo vitatu.

Tulipofika cha pili giza lilituzidi. Mbebaji wa mbele alikuwa haoni mguu wake. Tuliona moto katika nyumba moja iliyo peke yake, tukabisha. Aliyefungua alikuwa bibi mjane, mwenye mjukuu mmoja. Hakuuliza sisi ni akina nani. Alimtazama mgonjwa, akamlaza kitandani pake, akamfunika blanketi, nalo lilikuwa blanketi pekee la nyumba ile. Yeye na mjukuu waliketi na sisi motoni hadi alfajiri. Alitupa viazi vya kuchemsha, akaomba radhi kwa kuwa havikuwa na chumvi, kwani alikuwa hana chumvi tangu mwezi uliopita.

Asubuhi nilitaka kumpa fedha kidogo nilizokuwa nazo. Alikataa. Alisema, “Mwalimu, ukipita tena, uniletee chumvi.”

Tuliondoka. Barabarani tulingoja lori hadi adhuhuri, likapita moja lililojaa magunia ya pareto, na dereva na utingo wake wakayashusha magunia mengine matopeni ili mgonjwa apate mahali pa kulala. Tulifika hospitali jioni. Mama alipona. Mtoto tulimzika siku ya pili. Aliyetupokea alituambia kwa upole kwamba kama tungefika asubuhi ile, pengine angeishi. Nusu siku, ndugu zangu. Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na hakuna namba niliyoifikiria zaidi ya hiyo.

Sasa ile chumvi. Shule ikafunguliwa, kazi zikanibana, mvua zikaendelea. Ilipofika Agosti ndipo nilipopata ruhusa ya kwenda Njombe mjini. Nilizunguka maduka, chumvi hakuna. Katika duka la mzee mmoja wa jumuiya hii, ambaye leo si hai, niliambiwa vivyo hivyo. Sijui kwa nini, nilijikuta nimemsimulia habari yote, hata habari ya mtoto. Alinisikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza yake. Kisha akaingia nyumba ya nyuma, akarudi na kilo mbili ndani ya karatasi. Alisema, “Hii si ya duka, Mwalimu. Ni ya jikoni kwetu.” Hakuichukulia bei.

Nilipofika katika nyumba ile ya mlimani nilikuta mlango umefungwa kwa mti. Bibi alikuwa amefariki mwezi wa Juni, wakati wa baridi, na mjukuu alikuwa amechukuliwa na ndugu. Nilisimama uwanjani na chumvi yangu mkononi kama mwizi. Jirani yake, mwendo wa robo saa kutoka pale, alinipokea. Nilipomweleza, hakunilaumu. Alisema tu kwamba chumvi ile haikuwa yangu tena kuirudisha; igawanywe katika nyumba zote zilizo kwenye njia ile, ili msafiri atakayefuata asile viazi visivyo na chumvi. Tukafanya hivyo. Nyumba zilikuwa saba.

Tangu siku ile nimeelewa namna deni la njia ya mlimani linavyolipwa. Aliyekufungulia mlango mara nyingi hutamkuta tena. Humlipa kwa kumfungulia mwingine. Mababu zetu wana methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi Wakinga, wafua majembe, tunaipenda. Lakini siku zile mbili za kwanza hazina masharti. Na katika mafundisho yenu, kama nilivyoelezwa na wazee wa hapa, mgeni hupewa heshima iliyo jirani na ile ya Mungu. Ndiyo maana penye hekalu la safari pana na dharamshala, nyumba ya wasafiri. Bibi yule hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini nyumba yake ilikuwa dharamshala.

Sitaki kuwadanganya kwamba njia huleta mema peke yake. Katika miaka ya 1980 na 1990 Makete ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa sana na UKIMWI. Vijana wetu waliosafiri kutafuta riziki walirudi wagonjwa, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Nimeita majina darasani asubuhi nikajua, kabla ya kuinua macho, ni mtoto gani hatafika kwa sababu ana mazishi nyumbani. Njia ile iliyoleta fedha ndiyo iliyoleta msiba. Na waliowalea yatima wale hawakuwa watu wenye uwezo. Walikuwa watu waliozoea kufungua mlango.

Leo mambo yamebadilika, na namshukuru Mungu. Barabara ya Njombe hadi Makete, kilomita zaidi ya 100 kupitia Moronga, imewekwa lami. Upande wa Ludewa, kati ya Lusitu na Mawengi, kilomita 50 zimejengwa kwa zege, kwa sababu miteremko ile na mvua zile huishinda lami. Safari iliyochukua siku, na siku ya mvua ikachukua mbili, sasa ni ya saa chache. Viazi vya Makete hufika sokoni vikiwa vizima. Mama akishikwa na uchungu katika kijiji kilicho karibu na lami, huwahi. Mtu yeyote atakayewaambia kwamba maisha ya zamani yalikuwa matamu kuliko haya hakubeba machela.

Hata hivyo kuna mambo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni kwamba si kila kijiji kipo kando ya lami. Wapo walio vigongo vitatu ng'ambo, nao bado wanakata mianzi. La pili ni kwamba gari linapopita upesi, milango haionekani. Kule Uttarakhand nasikia vijana wengi wameteremkia mijini, na viko vijiji ambavyo milango imebaki kufungwa. Kwetu pia nyumba za namna hiyo zinaongezeka. Barabara ikifika, watu hupata njia ya kuondoka kwa urahisi kama walivyopata ya kuja. Tusipoangalia tutakuwa na njia nzuri isiyo na wa kukupokea.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenu, wana-Makambako na Njombe, wa dini zote.

Wilaya iliyoitwa ya mbali sasa watu wanaitafuta. Hospitali ya Konsolata pale Ikonda, Makete, hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, hata kutoka Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa. Wengi wao hupitia hapa. Makambako ndipo njia zinapokutana: barabara kuu ya kwenda Mbeya, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA. Hao si watalii. Ni mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, ni mzee na binti yake anayemshika mkono. Wametoka nchi za joto, hawana sweta, na hawajui kwamba huku Julai usiku huuma. Nimewakuta stendi, wamekaa juu ya mabegi yao wakingoja kupambazuke ili wapate gari la kuendelea.

Mwaka 1981 sisi tuliteremka kutoka mlimani kutafuta msaada. Leo watu wanaupandia mlima huohuo wakitafuta msaada, na nyumba ya kwanza njiani kwao ni mji huu. Maana yake ni kwamba sasa ni zamu yetu kuwa bibi yule.

Ombi langu kwa Kamati ni dogo. Katika mwaka huu wa maadhimisho, pamoja na kupaka rangi na kupamba, tutenge chumba kimoja tu kwa ajili ya wasafiri wa hospitali. Mablanketi machache, birika la chai, na mtu wa kuwaelekeza. Misikiti na makanisa ya mji huu nina hakika hayatakataa kushirikiana, kwani wagonjwa hawaji kwa dini. Milima haikutani, wanadamu hukutana; na wanaokutana usiku stendini wanahitaji zaidi ya kutazamana.

Sikuja mikono mitupu. Nimeacha kwa Mwekahazina mablanketi mawili, na pamoja nayo kilo mbili za chumvi. Mzee yule wa duka hakuniandikia deni, lakini mimi niliandika.

Nawatakia sherehe njema, na Hekalu hili maisha marefu kati yetu.